Barua za Owen, New Harmony, Holyoake au Raiffeisen: uanze na zipi?

Binti wa rafiki yangu anasomea ushirika pale Moshi. Siku moja alinipigia simu: "Shikamoo baba mdogo. Tumeambiwa tuchague barua za wanamageuzi wa karne ya 19, kundi moja tu, tuzisome mpaka tuzichoke. Nianze na za nani?" Nikamjibu bila kufikiri, "Robert Owen, yule mwenye kiwanda aliyehubiri ushirika. Nani tena?" Wiki mbili baadaye akanirudia amechoka kweli. Alikuwa amemsoma Owen akihubiri, Owen akiwaonya mawaziri, Owen akiitangaza dunia mpya, na hakuna mahali alipomkuta mtu anahesabu pesa. Yeye alikuwa anatafuta habari za mikopo: nani alikopeshwa, nani alimdhamini, ikawaje mdeni alipopotea. Kwa swali hilo nilimpeleka siko. Alitakiwa aende kwa Wajerumani, kwa Raiffeisen na vyama vyake vya mikopo.

Niliwahi kuwa katibu wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka tisa, na najua adha ya kumpeleka mtu dirisha lisilo lake. Kwa hiyo safari hii nimekaa chini nikayapanga makundi manne ya barua, kila moja kwa maswali yale yale, ili atakayeuliza tena nimjibu vizuri.

Vigezo kabla ya majina

Barua si kitabu. Kitabu mtu anaiandikia dunia. Barua anamwandikia fulani, na yale anayomwambia fulani huyo hawezi kumwambia mwingine. Swali la kwanza basi ni nani anamwandikia nani. Anayemwandikia waziri huvaa suti hata kwenye sentensi. Huyo huyo akimwandikia mjomba wake anasema viatu vimetoboka.

La pili ni kilichomo: je, pesa, kazi na chakula vinaonekana, au ni mawazo tu? Sidharau mawazo. Lakini msomaji anayetaka kuelewa chama kinavyokufa hawezi kushibishwa na hotuba. La tatu ni ugumu, yaani lugha, mwandiko, na mahali karatasi zenyewe zilipo. La nne ni zinamfaa nani.

Kuhusu mwandiko kuna jambo moja la kulijua mapema, maana linagusa makundi mawili au matatu kati ya haya. Kabla ya 1840 posta ya Uingereza ilitoza kwa idadi ya karatasi na kwa umbali, na mara nyingi aliyelipa ni aliyepokea. Kumtumia ndugu yako karatasi mbili ilikuwa sawa na kumtumia deni. Watu wakabuni njia: unaandika ukurasa mpaka chini, unauzungusha robo, kisha unaandika tena juu ya maandishi yale yale kwa kuyakata. Mistari inapishana kama ukili wa mkeka. Ukiitazama mara ya kwanza unadhani mtoto kaichezea. Dawa yake ni kuishika karatasi, au simu yenye picha yake, kwa kuilaza kidogo, ukafuata mistari ya upande mmoja tu na kujifanya huuoni ule mwingine. Baada ya nusu saa jicho linazoea. Tarehe 10 Januari 1840 nauli ya barua ikawa peni moja nchi nzima, na sababu ya kubana karatasi ikaisha. Aliyeupigania utaratibu huo, Rowland Hill, miaka minane kabla alikuwa ameandika kijitabu cha kupendekeza makazi ya pamoja kwa ajili ya maskini. Watu hawa walikuwa wa kijiji kimoja cha mawazo.

Robert Owen: mhubiri mwenye kiwanda

Nani kwa nani. Owen alizaliwa Newtown, Wales, 1771, na mwanzoni mwa 1800 akashika uongozi wa viwanda vya kusokota pamba vya New Lanark, Scotland, alivyovinunua na wenzake kutoka kwa baba mkwe wake, David Dale. Aliwaandikia mabwana wakubwa, maaskofu, wahariri na wafalme. Mkusanyiko mkubwa wa barua zake, takriban 3,000, uko kwenye hifadhi ya nyaraka za ushirika Manchester, na sehemu kubwa ni zile alizoandikiwa, siyo alizoandika. Watu wengi hawalijui hilo mpaka wafike.

Kilichomo. Barua zake mashuhuri zaidi hazikuwa za siri hata kidogo. Mwaka 1817 alichapisha barua magazetini London kuhusu mpango wake wa vijiji vya kazi na ushirikiano kwa wasio na ajira. Mwenyewe anasimulia katika wasifu wake kwamba alinunua maelfu kwa maelfu ya nakala za magazeti hayo akazituma nchi nzima, hadi magari ya posta ya London yakachelewa kuondoka. Tajiri wa kiwanda anaziba posta kwa barua yake mwenyewe! Hapo umeshamjua Owen: kwake barua ni kipaza sauti.

Ila usimpime kwa maneno yake tu. New Lanark palikuwa na duka lililouza vitu safi kwa bei karibu na ya kununulia, wakati wenye viwanda wengi waliwalipa watu kwa vocha za kununulia unga wenye mchanga kwenye duka la tajiri. Faida ya duka la Owen iliendesha shule ya watoto. Marekani ilipozuia pamba yake isiuzwe nje, aliwalipa wafanyakazi mishahara ya miezi minne wakiwa hawana kazi, jumla ya pauni 7,000. Hayo ni mambo ya pesa, na ya heshima. Tatizo ni kwamba kwenye barua zake yanatajwa kama ushahidi wa hotuba, si kama shughuli ya kila siku. Anayetaka hesabu zenyewe za kiwanda atazikuta Chuo Kikuu cha Glasgow.

Halafu kuna miaka ya uzeeni. Kuanzia 1853 Owen aliamini anazungumza na roho za wafu, akiwemo Duke wa Kent, baba yake Malkia Victoria, aliyekuwa rafiki yake na ambaye alikuwa amefariki 1820. Wapo wasomi wanaoiruka sehemu hii kwa aibu. Mimi nakuomba usiiruke. Mtu aliyehutubia miaka arobaini bila kupata majibu aliyoyataka kwa walio hai, akaishia kupata majibu kwa wasiokuwepo: sijui kama kuna barua za kusikitisha kuliko hizo.

Ugumu. Kiingereza chake ni kirefu na kinajirudia. Sentensi inaanza asubuhi inaisha adhuhuri. Mwandiko wa waliomwandikia hutofautiana kama watu wenyewe.

Zinamfaa nani. Anayeandika kuhusu elimu, malezi, saa za kazi, au historia ya wazo lenyewe la ushirika. Zinamfaa pia anayetaka kuona kiongozi mwenye mvuto anavyoabudiwa na kulalamikiwa na watu wale wale. Asiyependa mahubiri apite mbali.

New Harmony: waliobaki na masufuria

Nani kwa nani. Mapema 1825 Owen alikinunua kijiji kizima cha New Harmony, Indiana, kutoka kwa wafuasi wa George Rapp waliokuwa wamekijenga. Akahutubia, akakaribisha kila mwenye nia njema, kisha mwezi Juni akaondoka, akarudi Januari mwaka uliofuata. Katikati hapo watu wapatao 800 walikuwa wameshamiminika. Mwanawe William, kijana wa miaka ishirini na kidogo, ndiye aliyeachiwa, na alimwandikia baba yake kwamba nyumba zimejaa na mafundi hawatoshi.

Lakini ukichagua kundi hili huchagui barua za akina Owen. Unachagua mafungu mawili. La kwanza ni la Thomas na Sarah Pears, mke na mume waliohamia pale na watoto wao kutoka Pittsburgh, wakawa wanamwandikia mjomba wao Benjamin Bakewell, mwenye kiwanda cha vioo. La pili ni la William Maclure, mwanajiolojia tajiri mzaliwa wa Scotland, na Marie Duclos Fretageot, mwalimu Mfaransa, waliokuja na shule yao na wanasayansi kwa boti iliyoshuka mto Ohio majira ya baridi ya 1825 kuingia 1826, na kukwama kwenye barafu njiani.

Kilichomo. Kila kitu ambacho Owen hakukiandika. Thomas Pears anaanza na matumaini, na unaweza kufuata matumaini hayo yakishuka barua kwa barua. Sarah hakuwa na matumaini mengi tangu mwanzo. Analalamika uchovu, kazi za nyumbani zisizoisha, na kupangiwa maisha na watu ambao hawapiki. Hapa ndipo nilipoweka barua chini nikacheka peke yangu, maana nimekulia kwenye kijiji ambako akina mama walikuwa wakihudhuria mkutano wa maendeleo saa nane mchana, wanarudi saa kumi na mbili, na uji wa watoto unawasubiri wao wao. Usawa ulitangazwa mchana. Jioni kuni zilikuwa za mama.

Fungu la Maclure na Fretageot lina ladha nyingine. Maclure aliweka pesa nyingi, akataka shule za mtindo wa Pestalozzi, mwelimishaji wa Uswisi, watoto wajifunze kwa kuona na kushika. Mwaka 1827 yeye na Owen waligombana hadharani kuhusu madeni: nani anawajibika kwa kipi. Baadaye Maclure akahamia Meksiko kwa ajili ya afya, na kwa miaka kadhaa Fretageot akamsimamia mali zake New Harmony, wakiandikiana. Kwa hiyo unapata barua za mwenye mali aliye mbali na msimamizi aliye kwenye vumbi. Aliyewahi kujengewa nyumba kijijini na ndugu huku yeye yuko Muscat au Minneapolis ataelewa mara moja joto la barua hizo: pesa imefika? Imetumika wapi? Mbona hujasema habari za paa?

Ugumu. Hili ndilo kundi jepesi kulipata. Barua za akina Pears zilichapishwa 1933, na za Maclure na Fretageot zimechapishwa pia na watafiti wa historia wa Indiana, kwa hiyo huhitaji kupambana na mwandiko. Ugumu wake ni mwingine: ushirika wenyewe hauko sana humo. Hakuna gawio, hakuna hisa, hakuna kanuni za chama unazoweza kuchukua. Kuna jumuiya iliyokaa takriban miaka miwili ikabadilisha katiba mara nyingi na kusambaratika. Na barua za wenye kinyongo zina upofu wake. Sarah Pears hakupenda kuchanganyika na watu aliowaona wa chini, na hilo halifichi.

Zinamfaa nani. Mwandishi wa tamthilia au riwaya, mwanafunzi wa masuala ya jinsia, na yeyote anayechunguza kwa nini mradi wenye fedha, ardhi na wasomi unaweza kufa bado mchanga. Waliosoma vijiji vya ujamaa wataona mengi ya kulinganisha, ila wawe waangalifu: New Harmony watu walikwenda kwa hiari yao na waliondoka walipochoka.

Holyoake na watu wa Rochdale: barua kama kazi ya ofisi

Nani kwa nani. George Jacob Holyoake alizaliwa Birmingham 1817, akafia Brighton 1906. Miaka karibu tisini, na karibu yote kalamu mkononi. Alianza kama mhubiri wa mawazo ya Owen. Mwaka 1842, kwenye mhadhara mjini Cheltenham, aliulizwa kuhusu wajibu wa watu kwa Mungu, akajibu kwamba kwa umaskini ulivyo nchini, Mungu naye awekwe kwenye nusu mshahara. Akafungwa miezi sita gereza la Gloucester kwa kukufuru, na binti yake Madeline akafariki yeye akiwa ndani. Ukisoma barua za Holyoake za baadaye, zenye utulivu na mzaha mkavu, ukumbuke utulivu huo ulinunuliwa kwa bei gani.

Barua zake Manchester zinapita 4,000. Waliomo ni pamoja na mwanafalsafa John Stuart Mill, mwandishi Harriet Martineau na Mazzini, mwanamapinduzi wa Italia. Kwangu mimi, hata hivyo, vito vya mkusanyiko ni watu wa Rochdale wenyewe, mji ulio karibu na Manchester, hasa William Cooper, mmoja wa waanzilishi wa duka lao la ushirika.

Kilichomo. Tarehe 21 Desemba 1844, nambari 31 Toad Lane, Rochdale, wafumaji na mafundi walifungua duka kwa mtaji wa pauni 28. Rafuni palikuwa na unga, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa, basi. Walikuwa wamechangishana peni mbili hadi tatu kwa wiki. Walichokiuza zaidi ya unga ni mizani ya kweli. Msomaji anayejua lumbesa na kangomba, vipimo vya kuwapunja wakulima, hahitaji kuelezwa zaidi. Faida waliigawa kwa kadiri ya manunuzi ya mwanachama, siyo kwa ukubwa wa hisa zake, na kila mtu kura moja.

Holyoake aliandika historia ya duka hilo, ikaanza kutoka 1857, na ndiyo iliyolifanya Rochdale kuwa jina la dunia. Matokeo yake ni barua. Watu wa miji mingine walitaka kujua: mlianzaje, kanuni zenu zikoje, mkopo mnatoa? (Hawakutoa, ilikuwa taslimu.) Cooper akawa mwenye kujibu. Ukizisoma barua za namna hii unaona kitu ambacho hotuba hazina: mtu anayerudia jibu lile lile kwa uvumilivu, maana anajua anayeuliza safari hii ni mgeni.

Na kuna ugomvi, tena wa kufundisha. Mwaka 1854 wanaushirika wa Rochdale walianzisha kiwanda cha pamba kwa ahadi kwamba faida itagawanywa kati ya wenye hisa na wafanyakazi. Kiwanda kikafanikiwa, mafanikio yakawavuta wenye hisa wapya waliotaka faida tu, na 1862 wenye hisa wakapiga kura, fungu la wafanyakazi likafutwa. Holyoake hakuliacha jambo hilo maisha yake yote. Chama kinaweza kuporwa mchana kweupe, kwa kura halali, akidi ikiwa imetimia. Nimekaa kwenye mkutano mkuu wa aina hiyo, na kama katibu nikaandika kwenye muhtasari "hoja ilipita," kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa pia mwandishi hodari wa barua za magazetini. Neno la Kiingereza la ushabiki wa vita, lile la "jingo", lilipata maana yake ya kisiasa kwenye barua yake kwa gazeti la Daily News, Machi 1878.

Ugumu. Wingi. Barua 4,000 zinahitaji uwe na swali kabla ya kuingia, la sivyo utatoka na majina ya watu tu. Kiingereza chake ni safi kuliko cha Owen, na nyingi ni za baada ya 1840 kwa hiyo hakuna mkeka. Lakini Holyoake alipenda kuwa katikati ya picha. Anapokusimulia Rochdale, kumbuka yeye hakuwa mmoja wa waanzilishi. Alikuwa mpiga mbiu wao.

Zinamfaa nani. Kiongozi wa chama cha mazao au cha wateja, mwalimu wa somo la kanuni za ushirika, mwanahabari, na anayefuatilia uhuru wa dini na mawazo. Anayetafuta mikopo vijijini hatapata kitu.

Raiffeisen: barua za asiyeona

Nani kwa nani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa Hamm kando ya mto Sieg, 1818. Alikuwa askari, macho yakamharibikia, akaacha jeshi akawa meya wa vijiji: Weyerbusch 1845, Flammersfeld 1848, Heddesdorf 1852. Mwaka 1865 afya ikamlazimisha kuacha umeya. Kwa kuwa hakuona vizuri, barua nyingi za baadaye alizisema kwa mdomo na binti yake Amalie ndiye aliyeziandika na kumsomea majibu. Kwa hiyo unaposhika barua ya Raiffeisen, mara nyingi mkono ni wa Amalie. Jina lake huwa halitajwi kwenye vichwa vya habari. Aliwaandikia maofisa, wachungaji, viongozi wa vyama vya vijijini, na mtu mmoja aliyemkera kuliko wote, Hermann Schulze-Delitzsch.

Kilichomo. Njaa ya 1846 kuingia 1847 ndiyo iliyomfundisha kazi. Serikali ilileta unga kwa masharti ya kuuza taslimu, na wenye njaa hawakuwa na taslimu. Akawapa kwa mkopo, akaunda chama, wakajenga tanuri la mkate. Flammersfeld, 1849, chama chake kiliwanunulia wakulima ng'ombe, walipe kwa miaka mitano, ili watoke mikononi mwa wafanyabiashara waliowakamua. Hadi hapo ilikuwa huruma ya wenye nacho. Huruma ikachoka, kama ilivyo desturi yake. Mwaka 1864, Heddesdorf, akaanzisha chama cha mikopo ambacho wanachama wenyewe ndio wadhamini, kila mmoja kwa mali yake yote.

Hapo ndipo ugomvi na Schulze-Delitzsch unapoanza kunoga. Schulze, aliyekuwa hakimu na mbunge, alikuwa ameanza 1849 na 1850 na mafundi wa mjini: maseremala, washona viatu. Miaka ya 1860 Raiffeisen alimwandikia akitaka ushauri. Miaka ya 1870 walikuwa wanarushiana maneno mpaka bungeni. Schulze anataka hisa, mikopo ya miezi mitatu, eneo kubwa, viongozi wanaolipwa. Raiffeisen anasema mkulima hana pesa ya hisa, na mkopo wa miezi mitatu haujui mahindi yanakomaa lini (yeye aliongelea ngano na ng'ombe, lakini ni yale yale). Anataka eneo dogo, parokia moja, watu wanaojuana, viongozi wa kujitolea, alipwe mtunza hesabu peke yake, na akiba ya chama isigawanywe kamwe.

Ukiwa umekaa kwenye bodi ya SACCOS, hoja hizo huzisomi kama historia. Chama chetu kilianza na watu wa mtaa mmoja. Tulipopanua hadi wilaya ya pili tulipata wanachama maradufu, na pia mdhamini ambaye hakuna aliyejua nyumbani kwake. Schulze angesema tulihitaji hisa kubwa zaidi. Raiffeisen angeuliza mbona tulivuka mto. Sidhani mmoja wao alikuwa na haki peke yake, na barua zao zinanisaidia kwa sababu hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Kiungo chake na kwetu ni cha kweli. Frederick Nicholson, ofisa wa Waingereza huko India, alitumwa na serikali ya Madras kuchunguza mikopo ya wakulima, akarudi miaka ya 1890 na ushauri uliosimama juu ya Raiffeisen. India ikapata sheria ya vyama vya mikopo 1904, sheria hiyo ikawa kielelezo kwa makoloni mengine ya Waingereza, Tanganyika ikapata yake 1932, na mwaka uliofuata KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikasajiliwa Moshi. Binti yangu alikuwa anasoma hatua chache kutoka kwenye mwisho wa kamba hiyo bila kuujua mwanzo wake.

Ugumu. Huu ndio mzito kuliko yote. Lugha ni Kijerumani cha kiofisi, na mwandiko ni Kurrent, ule wa zamani wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Tafsiri ni chache. Na Raiffeisen ni Mprotestanti wa dhati. Dini imo katika kila hoja yake, upende usipende.

Zinamfaa nani. Wa mikopo na akiba, wa VICOBA, wa vyama vya wakulima, na wanasheria wa ushirika. Asiye na Kijerumani aanze na maandiko ya wengine kuhusu ule ugomvi, kisha aamue kama anaitaka safari.

Walioachwa mlangoni

Dk. William King wa Brighton nimemwacha kwa kuwa barua zake ni chache kwa kulinganisha, ingawa jarida lake la peni moja, matoleo 28 kati ya 1828 na 1830, ni fupi, safi, na lina hesabu ambazo Owen hakuwa nazo. Anayetaka kitu cha kumaliza ndani ya mwezi amfikirie. Na Chama cha Wanawake wa Ushirika cha Uingereza kilianzishwa 1883, lakini barua zake zinazotikisa, 160 za akina mama wa tabaka la wafanyakazi kuhusu mimba na uzazi, zilichapishwa 1915, nje ya karne tuliyopewa. Mwalimu mkarimu angekubali.

Kwa hali yako

Kama una wiki tatu na Kiingereza cha kawaida, chukua New Harmony, akina Pears kwanza. Zimechapishwa na zinasomeka kitandani.

Kama una mwaka na mfadhili wa nauli ya Manchester, swali ndilo liamue. Swali la mawazo, elimu au uongozi, nenda kwa Owen, na tumia muda mwingi kwa waliomwandikia. Swali la chama kinavyoendeshwa na kinavyotekwa, nenda kwa Holyoake, ingia na miaka: 1857 hadi 1862 inakutosha kabisa. Makusanyo hayo mawili yako mji mmoja, kwa hiyo ukikosea unaweza kubadili bila kupanda ndege nyingine.

Kama ni kiongozi wa chama na huna muda wa yote haya, soma kuhusu kura ya 1862 ya Rochdale kabla ya mkutano mkuu ujao, na ugomvi wa Raiffeisen na Schulze kabla ya kupanua eneo la chama.

Kama ni mtafsiri, barua za Rochdale zitakupa Kiswahili kizuri kuliko za Owen, kwa sababu msamiati wa duka, mizani, gawio na madeni tunao tayari na umekomaa.

Na kama swali lako ni la mikopo, una subira, na uko tayari kujifunza mwandiko mpya, nenda Ujerumani. Binti yangu ndiko alikokwenda hatimaye. Ana Kijerumani cha mwaka mmoja na daftari la kujifunzia Kurrent. Juzi usiku alinitumia picha ya neno moja, limekuzwa mpaka wino umepasuka: "Baba mdogo, hii ni e au n?" Kwenye Kurrent herufi hizo zinafanana kama pacha, na u nayo ingekuwa n kama isingevalishwa kikonyo juu. Nikavaa miwani. Bado tunabishana.